Kompyuta Haiulizi Mgeni Ataingilia Wapi

Siku hizi huku Njiru, mashariki mwa Nairobi, mtu akishanunua kiwanja chake cha futi arubaini kwa themanini, jambo la pili analofanya ni kutafuta ramani ya nyumba. Na ramani hiyo mara nyingi haichorwi. Huokotwa. Huokotwa katika simu, imekwisha kupakwa rangi na kutiwa nyasi za kijani na gari jeusi mbele ya mlango, nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya watu wasiojulikana katika nchi isiyojulikana, kisha fundi huonyeshwa kioo cha simu na kuambiwa, "Bwana fundi, nijengee hii." Wasomaji wengi mlioko Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga mna watoto wenu huku, na naamini si wachache miongoni mwenu mliokwisha kuletewa picha za namna hiyo mzitazame na kuzitilia dua.

Nami nina maoni yangu juu ya jambo hili, na ni afadhali niyatoe mapema. Naona kwamba kila ukoo unaokusudia kujenga yafaa uwe na mtu mmoja, na heri awe mwanamke, atakayejifunza kuchora nyumba kwa kompyuta, japo kwa kiwango cha mwanagenzi kama nilivyo mimi. Wala sisemi haya kwa kuwa kompyuta ina maarifa ya nyumba. Haina. Lakini mtu akishakaa nayo siku chache ataona kwa macho yake mambo ambayo haikuyafikiri, na akiyahesabu atakuta ndiyo yale yale ambayo mama zetu na bibi zetu waliyafikiri kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Kwanza niseme mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana wako watakaodhani ni elimu ya watu wa chuo kikuu. Programu ninayoitumia huitwa Sweet Home 3D, ambayo mtungaji wake ni Mfaransa, Emmanuel Puybaret. Waweza kuipata bure, haihitaji intaneti ikishatiwa katika kompyuta, wala haichagui kompyuta mpya au kuukuu. Wako wanaopendelea SketchUp, na mabingwa wenyewe hutumia AutoCAD, iliyoanza kutolewa mwaka wa 1982. Lakini kumpa hiyo mwanagenzi ni kama kumfundisha mtu udereva kwa lori la makontena pale Changamwe. Programu hii yangu hugawa kioo mafungu. Juu upande wa kulia ni karatasi tupu yenye miraba, chini yake ni picha ya nyumba kama itakavyosimama, na kushoto ni kama duka la vyombo: vitanda, makochi, majiko, milango, madirisha, taa. Ukitaka ukuta wauvuta kwa kipanya. Ukitaka mlango wauchukua dukani ukaubandika ukutani, nao ukuta hujitoboa wenyewe. Waweza hata kuupiga picha mchoro wa kiwanja uliotolewa na mpima ardhi, ukaulaza chini ya karatasi hiyo, ukaiambia mashine kwamba mstari huu mmoja ni mita 12 na sentimita 20, na papo hapo ikajua kipimo cha vyote vilivyobaki.

Kwa wiki mbili za jioni, baada ya Isha, mtu yeyote ajuaye kusoma na kuhesabu aweza kuchora nyumba ya vyumba vitatu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Tazama ukuta. Programu hiyo, kama hukuiambia vingine, hukupa ukuta wa unene wa sentimita 7 na nusu na kimo cha mita 2 na nusu. Huo ni ukuta wa kugawia vyumba kwa mbao na karatasi ngumu, kama wanavyofanya Ulaya. Njiru ni mji wa mawe. Machimbo yake yametoa mawe ya kujengea kwa miaka mingi, na ukipita barabara ya Kangundo kutoka Kayole kwenda Ruai utaona malori yakitoka na vumbi lake. Jiwe la huku ni la inchi tisa, yaani karibu sentimita 23, au la inchi sita kwa kuta za ndani. Nyumba yenye kuta nne kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ikichorwa kwa ukuta wa Mfaransa na kujengwa kwa jiwe la inchi tisa, itapungukiwa sentimita 62 za nafasi ya ndani. Hizo ni sawa na kitanda cha mtoto. Na huku kiwanja hupimwa kwa futi, jiwe kwa inchi, na ramani ya kupelekwa serikalini kwa mita. Basi asiyekaa na kalamu yake akageuza vipimo hivyo mapema, atageuziwa na fundi juu ya msingi.

Wazee wa Lamu walijenga kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi mita tatu hivi. Mkoko ndio uliotoa amri ya upana wa chumba. Kompyuta haina mkoko. Waweza kuivutia sebule ya mita tisa kwa tisa isiyo na nguzo hata moja, ikakuchorea na kukutilia na makochi, wala isikohoe. Nitarudi kwenye hilo.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni mlango wa mbele.

Mama mmoja wa kwetu, ambaye anajenga hapa Njiru kwa akiba ya miaka ya kuuza mahamri na viazi karai, nilimwonyesha ramani aliyoipata mwanawe katika simu. Aliitazama sana, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mgeni ataingilia wapi?" Nikamwonyesha mlango. Akasema, "Huo ni wa kuingilia mimi. Nakuuliza mgeni." Maana katika ramani ile ukifungua mlango tu, umekwisha kuingia sebuleni, na sebule haina ukuta baina yake na jiko, na mbele yako, bila ya pazia wala kona, ni mlango wa chumba cha kulala. Mtu aliyekuja kudai bili ya maji angemwona mwenye nyumba akikaanga samaki kichwa wazi, na angejua pia kwamba kitanda hakijatandikwa.

Hebu tukumbuke nyumba za mawe za Lamu zilivyolijibu swali hilo. Mgeni alikuta kwanza daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, na wengi habari zao ziliishia hapo hapo. Aliyeruhusiwa kupita alipinda katika tekani, na upindo huo haukuwa wa bahati mbaya: mlango ukiwa wazi, jicho la njiani hugonga ukuta. Kisha kiwanda kilicho wazi juu, na hapo karibu sabule ya wageni, ambamo mwanamume aweza kukaa, kula na hata kulala bila ya kukutana na watu wa nyumba. Ndipo zije misana, mmoja nyuma ya mwingine, na ndani kabisa, penye vidaka vya chokaa vilivyopangwa ukuta mzima, pakawa pa mwenye nyumba mwenyewe. Kila hatua ilipunguza watu waliokuwa na haki ya kusonga mbele. Nyumba yenyewe ilikuwa na adabu, na mtu hakulazimika kukimbilia mtandio kila mlango unapobishwa.

Sasa, hapa nataka kuitetea kompyuta. Ndani ya programu hii mna kitu ambacho wazee hawakuwa nacho. Mna mtu, kijitu kidogo kisicho na jina, ambaye waweza kumsimamisha popote katika ramani ukaona kwa macho yake. Wenyewe wamemweka ili mteja atembezwe kati ya makochi akafurahi. Sisi tunaweza kumpa kazi nyingine. Msimamishe nje ya mlango wa mbele, ufungue mlango, utazame anachokiona. Msimamishe sebuleni, umgeuze taratibu pande zote, uone kama anauona mlango wa choo. Nilifanya hivyo na yule mama akiwa pembeni yangu. Ramani ile ya simu ilipofunguliwa mlango, akasema, "Subhanallah, hata sufuria zangu anazihesabu." Tukasogeza mlango hatua mbili kushoto, tukajenga ukuta mfupi wa mita moja na nusu mbele yake, na yule kijitu akabaki anatazama ukuta. Mita moja na nusu ya mawe! Gharama yake ni ndogo kuliko ya lile lango la chuma lenye vichwa vya simba ambalo kila mtu huku hulitaka.

Kisha tukampandisha juu. Hili halifanywi na wengi, lakini macho ya kijitu huyo yaweza kuinuliwa hadi kimo utakacho. Njiru ya leo si mashamba tena. Penye kiwanja cha jirani leo pana nyasi, kesho patakuwa na nyumba ya kupangisha ya ghorofa tano, na watu ishirini watakuwa wakianika nguo huku wakitazama uwani kwako. Tukamwinua hadi mita 12, karibu na ukuta wa mpaka, tukaona anachokiona: uwa mzima, kamba ya nguo, na mlango wa bafu la nje. Kwa hiyo kabla ya msingi kuchimbwa ikajulikana kwamba sehemu ya uwa lazima iezekwe, na ni sehemu ipi. Hakuna ramani ya karatasi ambayo ingemwambia mama yule jambo hilo kwa lugha aielewayo, na hakuna mchoraji wa kulipwa ambaye angeliuliza, kwa kuwa halikuwa limemkera yeye.

Ama choo, hapa pana maneno zaidi. Katika duka la vyombo linalokuja na programu nimekiona choo cha kukalia na hodhi la kuogea la kulala ndani. Cha kuchutama sikukiona, wala mahali pa kutawadhia penye bomba la chini na kikalio. Hayo ni madogo, mtu huchora mraba akaandika jina. Kubwa ni mwelekeo. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu anapokwenda haja asikielekee kibla wala asikipe mgongo. Najua kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameliruhusu hilo ndani ya kuta, na simlaumu aliyekwisha kujenga. Lakini anayeanza na karatasi tupu ana sababu gani ya kuhitaji ruhusa? Kukigeuza choo katika kompyuta ni kazi ya kidole. Kukigeuza baada ya bomba la uchafu kufukiwa ni kazi ya wiki nzima.

Programu ina dira, duara dogo lililoko pembeni mwa karatasi, ambalo wanagenzi wengi hulifuta wakidhani ni pambo. Lisifutwe. Waiambia dira kiwanja kiko wapi duniani na kaskazini ni upande gani wa karatasi, nayo hukuonyesha hata jua litakavyoingia dirishani saa tatu za asubuhi mwezi wa Julai. Kwa mtu wa Mombasa kibla ni kaskazini hasa, kwani Mombasa na Makka zinakaribia kuwa juu ya mstari mmoja. Huku Nairobi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla huegemea mashariki ya kaskazini kwa digrii saba hivi. Choo kikiwekwa kutazama mashariki au magharibi, mambo yamekwisha, na chumba cha kulala hupata ukuta ulionyooka wa kutandika misala. Nimeona nyumba mpya huku ambamo familia nzima husali imejipinda kona ya chumba kama watu waliobanwa ndani ya matatu, kwa sababu aliyepanga ukuta hakuulizwa na hakuuliza.

Sitakaa sana katika jiko, kwani akina mama watalisema vizuri kuliko mimi. Ila mtindo huu wa jiko lililo wazi ndani ya sebule umetoka kwa watu ambao chakula chao cha jioni hupashwa moto. Mwenye kupika pilau ya watu arubaini za hitima, akakuna nazi juu ya mbuzi, akakaanga changu, anahitaji makaa, moshi wenye pa kutokea, na sakafu ya kumwagia maji. Yaani anahitaji uwa.

Nina haki ya kutegemea kwamba ataandika msomaji mmoja kuniuliza, "Je, wataka tuijenge Lamu Njiru?" Hasha. Njiru iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai yake humfanya mtu wa pwani avae koti ndani ya nyumba. Kiwanda kilicho wazi katikati, ambacho kule huleta upepo, huku kingeleta homa ya mapafu. Ukuta mnene wenye vidirisha vidogo huku ni jokofu. Huku jua lataka kukaribishwa, hasa la asubuhi. Anayetaka kuhamisha nyumba nzima kutoka pwani atafanya kosa lile lile la anayehamisha nyumba nzima kutoka simu. Nisemalo ni maswali. Mgeni ataingilia wapi, mama mkwe atalala wapi bila ya kupanda ngazi, maiti ataoshewa wapi na jeneza litatokea mlango gani. Majibu ya Njiru yatakuwa ya Njiru.

Tena si kweli kwamba nyumba yetu ni ngeni katika mashariki ya Nairobi. Pumwani, iliyotengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920, wenye viwanja walijijengea wenyewe nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwa nyuma, baraza mbele. Zilikuwa za udongo na fito, na bati au madebe yaliyokunjuliwa yakawa paa, lakini mpango wake ulikuwa ule wa pwani, na miongoni mwa waliozimiliki walikuwamo wanawake wengi, ambao walikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Baadaye ikaja Dandora, jirani ya Njiru, mradi ulioanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000, kila kimoja na choo na bafu vilivyojengwa tayari, mwenyewe aongeze vyumba kadiri ya mfuko wake. Pale serikali ilikiri jambo ambalo wazee wetu walilijua, kwamba nyumba ya mtu wa kipato kidogo haimaliziki kwa siku moja.

Na pwani nyumba hazikumalizika kwa siku moja hata za matajiri. Katika miji ya Lamu na Pate ilikuwa ni ada binti akiolewa apewe nyumba au ghorofa na babake, na mume ndiye aliyehamia. Mabinti walipozidi, nyumba ilipanda juu, na penye nafasi finyu ikavuka njia kwa wikio na kushika upande wa pili. Programu yangu ina mahali pa kuongeza ghorofa juu ya ghorofa, na mwanagenzi huona ni mchezo wa kupandisha nyumba mpaka mawinguni. Mimi nashauri itumiwe hivi: chora leo utakachojenga leo, kisha ongeza ghorofa ya mwaka atakaoolewa mwanao, uone ngazi itapita wapi. Mwenye kujua mahali pa ngazi yake ya baadaye hatabomoa sebule kuitafuta. Mama yule niliyemtaja ana mabinti wawili. Ngazi yake imetengwa nje, upande wa uwa, ili atakayekaa juu asipite sebuleni kwa mamake na mumewe akiwa nyuma yake kila siku ya Mungu.

Sasa nirudi kwenye sebule ile ya mita tisa isiyo na nguzo, kwani hapa wasanifu majengo na wahandisi wana neno lao, nami naliunga mkono. Wanasema, kuwapa watu programu hizi ni kuwadanganya kwamba wamekuwa mabingwa. Ni kweli picha iliyopakwa rangi si ramani ya kujengea. Haijui uzito wa zege. Haijui chuma cha nguzo. Haijui kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha huvimba, kiangazi kikiingia hunywea na kupasuka, na nyumba iliyokaa juu yake hupasuka pamoja nao, mpaka udongo huo uchimbwe wote na msingi ukae juu ya mwamba au murramu ngumu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1916 ungekuwa wa hadithi, lakini huu ulikuwa wa 2016, juzi tu, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa ilipoanguka Huruma, hapa hapa mashariki ya Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Sheria inataka ramani itiwe sahihi na msanifu aliyesajiliwa, nguzo zihesabiwe na mhandisi, kaunti iidhinishe, na ujenzi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Sheria hiyo siipingi hata kidogo.

Bali nawauliza wasanifu: mteja wenu akija mikono mitupu mwampa nini? Mwampa ile mliyompa wa jana, mkibadilisha jina. Mteja akija na mchoro wake wa kienyeji, wenye vipimo, wenye dira, ambao mlango umekwisha kupindwa na choo kimekwisha kugeuzwa, mtamwambia hapa pana haja ya nguzo, pale dirisha ni dogo, na mtabishana naye juu ya nyumba yake badala ya kumuuzia ya mwingine. Mchoro wa mama yule ulipopelekwa kwa msanifu, aliongeza nguzo mbili na kukikataza chumba kimoja kisichopata hewa. Ukuta mfupi wa mlangoni aliuliza ni wa nini. Alipoelezwa akauacha, na akasema atauweka katika ramani ya mteja wake mwingine wa Eastleigh.

Sababu ya kusema heri mjifunzaji awe mwanamke ni hiyo hiyo. Mwanamume wa nyumba aondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi magharibi. Nyumba kwake ni kiti na kitanda. Anayejua ni saa ngapi jua hufika jikoni, mtoto anaoshewa wapi na mgeni wa ghafula anafichwa nini, ni mwingine. Lakini kwenye kiwanja, wakati kamba zinapovutwa na vigingi kupigwa, huyo mwingine hayuko, au yuko kando akiwapikia mafundi chai. Kompyuta yaweza kumfikisha pale kabla ya kamba. Kazi ya kuvuta ukuta kwa kipanya haihitaji misuli wala ngazi, na nimeona msichana wa kidato cha pili akiimaliza kwa siku tatu, kisha akamsomesha mamake.

Linalobaki ni lile duka la vyombo. Vitu vyote vilivyomo ni vya watu wengine, na mwanagenzi huchora kwa vile alivyonavyo mkononi. Akipewa kochi la pembe tatu atatafuta chumba cha kochi la pembe tatu. Programu hii humruhusu mtu yeyote kuingiza vyombo alivyovitengeneza mwenyewe, na wengine wakavichukua bure. Basi kwa nini hamna mlango wa Lamu wenye nakshi wenye vipimo vya kweli, hamna kidaka, hamna baraza, hamna kitanda cha besera, hamna karo la kutawadhia? Vipimo viko. Msanifu Usam Ghaidan alizipima na kuzichora kwa mkono nyumba za Lamu katika miaka ya 1970, na kitabu chake kikatoka 1975. Francesco Siravo na Ann Pulver wakafuatia na kazi yao iliyotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka wa 1986, miaka 15 kabla ya Lamu kuingizwa katika Urithi wa Dunia. Na vijana wako. Kile kilichoanzishwa Mombasa kuwa chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wanafunzi wake wa ujenzi wakipewa kuwa kazi ya muhula mmoja kila mtu atengeneze kitu kimoja cha nyumba ya kwao, duka letu litajaa kabla ya mwaka kwisha, na mwanagenzi wa Njiru, wa Kisauni au wa Muscat atakikuta kidaka mahali alipozoea kukuta kabati la televisheni.

Hata asiye mwanafunzi aweza kusaidia. Mwenye kukaa Mkomani au Langoni, katika nyumba ambayo vidaka vyake havijafunikwa kwa saruji, achukue futi kamba na karatasi. Kila kidaka kina vipimo vitatu tu, upana, kimo na kina, na picha moja ya simu iliyopigwa kutoka mbele. Safu ya chini ndiyo ianze, kwani ndiyo inayotangulia kuliwa na chumvi.